Ndugu yako kapelekwa mahabusu leo? Siku ya kule ndani inavyokwenda, kuanzia alfajiri mpaka kulala (nimekaa miezi 8)

Mtunza Stoo wa Zamani

Wakuu salaam.

Jumanne saa mbili usiku jirani yangu, mama mtu mzima, kaja kugonga kwangu analia. Kijana wake kasomewa shtaka asubuhi, dhamana iko wazi ila wadhamini hawakutimia, kapandishwa karandinga na wenzake. Mama hakuniuliza kesi ikoje, swali lake la kwanza lilikuwa "mwanangu, kule analala wapi?" Nikakaa nae mpaka saa tano namwelezea na alipoondoka nikaona niandike humu, maana wapo wengi wanauliza hilo hilo na hawana wa kumuuliza.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Mzigo ukapungua, nikashtakiwa wizi nikiwa mtumishi, nikaingia mahabusu 2021 nikatoka 2022, gereza moja la huku Tanzania kanda ya ziwa, jina naliacha. Kesi yangu ilifutwa.

Kwanza watu waelewe, mahabusu sio mfungwa. Mfungwa kashahukumiwa, anavaa nguo za gereza zile za rangi ya machungwa na anapangiwa kazi. Mahabusu kesi yake haijaisha, anavaa nguo zake za nyumbani, kazi yake kubwa ni usafi wa pale anapoishi na kusubiri tarehe. Sasa hiyo ya kusubiri ndo inayoua watu kimya kimya.

Siku ya kuingia mnashushwa getini mnachuchumaa mistari. Mnaitwa mmoja mmoja kwenye kitabu: jina, umri, dini, kabila, unakotoka, ndugu wa karibu ni nani na namba yake ya simu. HAPO MUWE MAKINI, kama namba ya ndugu yako huijui kichwani simu ukishaivua imeenda, na mimi nilikuwa najua namba ya mke wangu tu ambayo wiki hiyo laini yake ilikuwa na shida. Mkanda, kamba za viatu, saa, pete, hela, vyote vinaandikwa na kuwekwa, unasaini au unaweka dole gumba. Alafu upekuzi. Unavua zote, unachuchumaa, unasimama, unageuka. Nilikuwa na miaka 41 na watoto watatu, na pembeni yangu alikuwa kijana wa miaka 19 anatetemeka kama kamwagiwa maji ya baridi. Sikumwambia kitu, tungeongea nini pale.

Selo niliyopelekwa ilikuwa chumba kirefu, ukutani wameandika uwezo wake watu 30. Usiku ule nyapara alihesabu 74.

Nyapara ni mahabusu mwenzenu au mfungwa aliyepewa usimamizi wa selo, ana msaidizi wake, kuna mtu wa usafi, kuna anayeongoza sala za waislamu na anayeongoza za wakristo. Mgeni anasimamishwa anasomewa sheria za selo na hazijaandikwa popote, unazishika kwa kichwa: hakuna kwenda chooni watu wakiwa wanakula, maana choo kipo humo humo kona, pazia ni blanketi kuukuu. Hukanyagi tandiko la mwenzio na kandambili. Hugusi kitu cha mtu, hata uzi wa sindano. Kesi yako usimuulize mtu na yako usiitangaze. Ikipita saa tatu usiku hakuna sauti. Ukigombana mnaitwa mbele mnasuluhishwa na selo nzima inasikiliza.

Na kulala, mama yule ndo alitaka hilo. Mnalala kwa ubavu, mmepangwa kichwa mguu kichwa mguu, wanaita mchongoma. Huwezi kugeuka peke yako. Usiku wa manane mtu mmoja anasema "geuka" na mstari mzima unageuka, kama mawimbi yale. Mgeni anaanzia karibu na choo na kila anayetoka kwa dhamana au kuhukumiwa wewe unasogea. Mimi nilichukua wiki saba kufika ukutani, na siku niliyofika ukutani nikaegemeza mgongo nililala kama mtoto.

Naendelea chini, mkono umechoka.

Mtunza Stoo wa Zamani

Sasa siku yenyewe.

Saa kumi na moja na nusu mmeshaamka, wa sala wanasali, wa kunawa wananawa kwa kopo moja moja. Saa kumi na mbili na kitu unasikia funguo, na kabla mlango haujafunguka mmeshachuchumaa watano watano migongo imenyooka. Askari anahesabu kwa fimbo, tano, kumi, kumi na tano. Kila kitu mule kinategemea hesabu. Ikikaa mnatoka. Isipokaa hakuna anayetoka, hakuna uji, hakuna choo cha nje, hata kama ni mmoja tu kahamishiwa zahanati usiku na haikuandikwa. Tuliwahi kuchuchumaa mpaka jua likawaka, wazee wakaanza kuanguka, kumbe mtu alihesabiwa mara mbili.

Wa mahakamani wanaitwa kwanza. Alafu uji, uji mweupe, sukari siku ipo siku haipo. Baada ya hapo usafi, kufua, kuota jua uwanjani, wengine wanacheza draft ya vizibo, wengine wanafundishana kusoma. Saa saba kwenda saa nane ndo chakula, ugali wa dona na maharage, na huo ndo mlo wa siku. Wazoefu wanakula nusu, nusu wanaificha kwenye kibakuli ya usiku. Saa tisa na nusu hesabu tena, saa kumi mmeshafungiwa. Piga mahesabu, saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, masaa 14 mko chumbani, na nje jua bado linawaka kabisa unalisikia kwenye bati.

Mtu akiniuliza nini kigumu kule namwambia ni yale masaa 14. Njaa unaizoea.

Na kitu kingine, sabuni. Hela hairuhusiwi mkononi, kwaiyo kipande cha sabuni ndo hela. Unanyolewa kwa sabuni, unafuliwa kwa sabuni, unashonewa kifungo kwa sabuni. Ndugu akikuletea mche mzima wewe ni tajiri wa wiki mbili.

Dada wa Kwanza

Kaka nimesoma nikiwa natetemeka. Mdogo wangu wa mwisho kaingia Ijumaa, ana miaka 22, kesi ya bodaboda aliyokuwa anaendesha ya mtu, inasemekana kaiuza. Wazazi wetu hawapo mimi ndo mama yake. Naomba unisaidie nipeleke nini na nisipeleke nini, na je nikifika wataniruhusu kumuona? Sijawahi kufika mlango wa gereza maisha yangu yote.

Mtunza Stoo wa Zamani

Pole sana dada yangu. Kwetu ilikuwa Jumamosi na Jumapili, ila piga au nenda siku moja kabla uulize getini maana kila gereza lina utaratibu wake. Fika mapema, saa mbili uwe kwenye foleni. Beba kitambulisho. Simu utaiacha getini. Vaa nguo ya heshima, khanga iwe nayo.

Peleka kandambili, sabuni ya mche na ya kuogea, mswaki na dawa, taulo nyepesi, bukta mbili, shati jeupe au la rangi tulivu la mahakamani. Chakula unapeleka kilichopikwa na utaambiwa ukionje mbele yao, usichukie. Usifiche kitu. Hata noti ya elfu mbili ndani ya chapati, USITHUBUTU. Kuna mama alifanya hivyo kwa mapenzi tu, mwanae akaadhibiwa na yeye akazuiwa kuja.

Mtakaa upande huu na huu, katikati wavu, watu wanaongea kwa pamoja kama sokoni, dakika kumi zimeisha. Andika kabla nini unataka kumwambia. Mke wangu mara ya kwanza alilia dakika zote kumi na mimi nikawa namwangalia tu, hatukuongea hata moja la maana.

Afande Mstaafu

Nimetumikia jeshi la magereza miaka mingi, nimestaafu nalima. Mleta uzi kasema kweli na nitaongeza ya upande wetu.

Hesabu sio ukatili. Askari wa zamu ya usiku hawezi kukabidhi funguo mpaka hesabu ya vichwa ilingane na ya kitabu, akikabidhi pungufu kesi ni yake. Ukimuona kakunja uso saa kumi na mbili asubuhi jua anaogopa kuliko nyie. Kuonja chakula nako kuna sababu, watu wamewahi kutaka kudhuriana kwa njia hiyo, ndugu kwa ndugu, kesi za mashamba na mirathi.

Ila la msongamano sitetei. Ukiwa askari mmoja unafungua mlango wa watu 74 pua inakwambia kabla macho hayajaona. Upele ukiingia selo moja wiki hiyo hiyo umefika zote, na TB ndo tulikuwa tunaiogopa zaidi. Dada, mwambie mdogo wako akianza kukohoa wiki mbili mfululizo aseme ASUBUHI kwenye hesabu kwa sauti, asisubiri. Na kama ana dawa anazotumia kila siku, pumu, kisukari, za kufubaza virusi, kifafa, peleka karatasi ya hospitali ofisini uombe ziandikwe, usimpe yeye mkononi.

Jingine, kila gereza linatembelewa na majaji na mahakimu kusikiliza malalamiko. Siku hiyo watu wanapangwa uwanjani wanaulizwa nani ana shida. Wengi wananyamaza kwa kuogopa. Nilikuwa nasimama pale nikiwajua kabisa wenye shida na hawanyooshi mkono.

Msaidizi wa Kisheria Kata

Naomba niingie upande wa sheria, kazi yangu ni hii.

Polisi wana masaa 24 kukufikisha mahakamani. Ukiwa mahabusu kesi haiahirishwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja, ndo maana mnasikia kila baada ya siku 14 "inakuja kutajwa". Kutajwa sio kusikilizwa. Ndugu wengi wanapanda basi kutoka kijijini na mashahidi, wanakuta hakimu anaambiwa upelelezi haujakamilika, dakika mbili, tarehe nyingine. Ulizeni karani mapema ni ya kutajwa au kusikilizwa. Na siku hizi kuna mahakama zinataja kesi kwa video, mahabusu anabaki gerezani, hapo unaweza kusafiri usimuone kabisa.

Kuhusu dhamana, kuna makosa hayana dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha sheria kinachozuia dhamana hizo kinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikatengua Agosti mwaka ule ule, kwaiyo kipo. Lakini kesi ya pikipiki kama ya mdogo wake dada ni ya dhamana. Na hapa nataka msikie vizuri: masharti ya dhamana yakikushinda UNAWEZA KUOMBA YAPUNGUZWE, kwa hakimu mwenyewe, na akikataa Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza. Huna wakili? Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, wasaidizi kama mimi tunaingia mpaka magerezani na hatudai hela.

Na kuhusu nguo na chakula cha kutoka nje, hiyo sio fadhila ya mtu. Zipo Kanuni za Mandela, Umoja wa Mataifa ulizipitisha 2015 kwa kuboresha zile za 1955, zinasema asiyehukumiwa achukuliwe hana hatia, atengwe na wafungwa, aruhusiwe nguo zake zikiwa safi, asilazimishwe kazi, na ndugu waweze kumletea chakula.

Mtunza Stoo wa Zamani

Mkuu hapo kwenye kupunguziwa masharti umenigusa kidonda.

Mimi nilitakiwa wadhamini wawili, mmoja mwajiriwa wa serikali na hati ya nyumba au kiwanja. Kwenye ukoo wetu hakuna mwajiriwa wa serikali, na kiwanja cha baba hakina hati, kina karatasi ya mauziano ya mwenyekiti wa kijiji wa mwaka 1988. Nikajua basi, ndo imeisha. MIEZI SABA nililala mchongoma nikiamini masharti ya hakimu ni kama amri ya Mungu hayabadiliki. Mwezi wa saba akaja binti mmoja wa msaada wa kisheria na daftari, akatukusanya chini ya mwembe akauliza nani dhamana yake iko wazi na bado yupo ndani. Tulinyoosha mikono nusu ya uwanja!! Hata yeye alishtuka. Aliandika majina mpaka daftari likaisha akageuza akaandika kwenye jalada.

Ombi langu likasikilizwa kwa dakika tano hivi. Wadhamini wakawa wawili wowote wenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA. Shemeji yangu na fundi baiskeli wa pale mtaani wakasaini nikatoka kesho yake. Mwezi uliofuata upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Miezi saba ile mtoto wangu wa kati aliacha shule akawa anauza mayai stendi.

Kwaiyo dada, kama unataka kufanya kitu kimoja wiki hii fanya hicho kabla hata ya sabuni.

Mswahili wa Kisauni

Poleni wenzetu. Huku Kenya tangu Katiba ya 2010 hata mwenye kesi ya mauaji aweza kuomba bondi, korti ikikataa iwe na sababu nzito. Lakini nawaambia shida ni ile ile, wapo wanaolala ndani si kwa kuwa wamenyimwa, ni kwa kuwa pesa ya kutoa haiko. Ndugu yangu alikaa hivyo miezi mitatu. Alirudi nyumbani akawa hawezi kulala mlango ukifungwa, mke wake aliweka jiwe mlangoni mpaka leo.

Mama Wawili

Mbona hamjazungumzia wanawake? Mimi nilikaa wiki sita upande wa wanawake. Tulikuwa wachache kuliko kwa wanaume, nafasi ilikuwepo kidogo, ila kuna mambo mwanaume hawezi kuyajua. Pedi. Ndugu wanakuletea maharage na dagaa, hakuna anayekumbuka pedi, na kaka yako hata ukimwambia kwenye wavu mbele ya watu hamsini unaona aibu. Tulikuwa tunachana khanga. Mwenzangu alikuwa na mtoto ananyonya miezi minne, yule mtoto akawa wa selo nzima, saa ya hesabu anahesabiwa na yeye na askari wa kike alikuwa anamshika wakati mama anachuchumaa. Mwenye dada au mke ndani, peleka pedi, peleka chupi, peleka mafuta ya kupaka. Usisubiri akuombe.

Dada wa Kwanza

Asante Mama Wawili, asanteni wote. Swali moja, shati jeupe kwanini umelisisitiza kaka? Anayo matishati mengi.

Mtunza Stoo wa Zamani

Sababu hii. Mkiwa kizimbani hakimu anaona watu kumi wametoka kwenye gari moja, wamechakaa, wananuka jasho. Mtu aliyevaa vizuri anasimama vizuri na kuongea vizuri, hilo nimeliona kwa macho. Selo yetu ilikuwa na shati moja jeupe la mikono mirefu, la mwalimu mmoja wa sekondari. Jioni ya kuamkia tarehe yako unalifua, unalikung'uta likauke, unalikunja pamoja na mikunjo yake alafu unalilalia, ubavu wako ndo pasi. Asubuhi limenyooka kama limetoka kwa dobi. Shati lile liliwahi kwenda mahakamani siku nne za wiki moja na watu wanne tofauti. Mwalimu alipohukumiwa akavalishwa rangi ya machungwa, akaliacha kwetu. Nililivaa siku ya ombi langu na mimi nikaliacha.

Afande Mstaafu

Nakumbuka hayo. Tulikuwa tunaliona shati linarudi na mtu mwingine na tunanyamaza.

Dada wa Kwanza

Wapendwa nimerudi, jana nilienda. Nilifika saa moja na nusu nikakuta tayari foleni imezunguka ukuta. Nimeonja ugali na samaki mbele ya askari, alikuwa binti mdogo kuliko mimi, akaniambia pole dada. Niliandika mambo manne kwenye kiganja kama kaka alivyosema ili nisilie nikasahau. Kakonda shingo lakini anaongea. Anasema yupo wa tatu kutoka chooni, walitoka wawili wiki hii.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu nilimpata Alhamisi, ombi la kupunguza masharti limeshapelekwa na litasikilizwa tarehe yake ijayo, Jumatano. Wadhamini ninao, mwenye duka la dawa na baba mkwe wangu.

Shati nilimpa. Nikamuuliza utalivaa Jumatano? Akasema ndio dada, ila Jumatatu kuna mzee analihitaji.